Bangkok kwa mara ya kwanza: kuanzia visa hadi boti ya mtoni

Maswali yanayonifikia kuhusu Bangkok ni yale yale. Visa naipata wapi? Nibebe fedha gani? Mimi Mwislamu nitakula nini? Teksi ya kutoka uwanjani ni kiasi gani? Na kuna lile la mtu aliyekwisha fika, anapiga simu akiwa kando ya barabara: "Wananiambia Kasri la Mfalme limefungwa leo, nifanyeje?" Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe.

Nimemwandikia anayetoka Dar, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Kampala au kwingine kwetu, anayekwenda kutembea kwa siku nne au tano. Wenzetu wanaofuata mzigo wa nguo Pratunam wanalijua jiji hili, lakini wengi huliona kupitia mlango wa duka tu, nao mwongozo huu utawafaa siku mzigo ukishafungwa.

Ukisahau mengine yote, kumbuka hili: siku ya Bangkok haipangwi kwa barabara. Inapangwa kwa reli na kwa maji. Ukiingia kwenye teksi saa kumi na moja jioni kwenda kilomita tano, unaweza kukaa saa nzima ukitazama taa nyekundu za gari la mbele. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi.
- Visa ya utalii. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo aipate kabla ya safari, si kwenye dirisha la uwanjani.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano. Chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri.
- Fomu ya kuingia nchini, ambayo tangu Mei 2025 hujazwa mtandaoni.
- Tiketi ya kurudi na uthibitisho wa hoteli, vyote vimechapishwa kwenye karatasi.
- Dola safi, hasa noti za 100 zisizokunjika wala kuandikwa. Shilingi zetu usizitegemee kule.
- Adapta ya umeme. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi za huko, ingawa nguvu ya umeme ni volti 220, haitaunguza chaja yako.
- Suruali ndefu au sketi inayofunika magoti, na nguo yenye mikono. Nitaeleza kwa nini kanga au mtandio peke yake hautoshi.
- Viatu vinavyovuliwa na kuvaliwa upesi, maana utavivua mara nyingi.
- Jina na anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kithai. Iombe hoteli ikutumie, kisha uchapishe.

Kuhusu majira: Novemba hadi Februari ndiyo miezi ya hewa nafuu, ingawa Januari na Februari moshi wa jiji unaweza kumsumbua mwenye pumu. Machi hadi Mei joto ni kali kupita la Dar mwezi wa Februari. Mvua huanza Mei, na Septemba na Oktoba ndiyo kilele, mitaa mingine hujaa maji. Tarehe 13 hadi 15 Aprili ni mwaka mpya wao, Songkran, watu humwagiana maji barabarani kutwa nzima. Ukienda siku hizo, simu na pasipoti vikae ndani ya mfuko wa plastiki.

Hatua ya 1: Maliza karatasi ukiwa nyumbani

Maombi ya visa hufanyika kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Thailand, thaievisa.go.th. Utapakia picha, pasipoti, tiketi, hoteli na taarifa ya benki. Visa ya utalii ya kuingia mara moja hukuruhusu kukaa hadi siku 60. Omba mapema, wiki nne au tano kabla, kwa sababu ukiombwa nyongeza ya karatasi siku mbili kabla ya ndege hutakuwa na pa kukimbilia.

Fomu ya kuingia nchini hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, kwenye tdac.immigration.go.th. Haina malipo. Angalizo: zipo tovuti zinazofanana na hiyo zinazokutoza dola kadhaa kwa kazi hiyo hiyo. Ukiona unaombwa namba ya kadi, toka hapo.

Unayetumia dawa, soma hili mara mbili. Dawa kali za maumivu, zikiwemo zenye kodeini, zina masharti huko. Beba barua ya daktari, dawa zikae kwenye pakiti zake, na uulize ubalozini kabla ya kusafiri. Sigara za umeme zimepigwa marufuku nchini Thailand, ziache nyumbani.

Na hili nalisema kwa uzito wote nilio nao: usibebe mzigo wa mtu. Asikupe bahasha, asikupe begi la "nguo za mtoto", asikupe zawadi ya kumpelekea ndugu yake. Wapo vijana wa kwetu walioozea magereza ya Asia kwa begi ambalo hawakulifunga wenyewe, na adhabu za dawa za kulevya kule ni nzito mno. Funga begi lako kwa mikono yako, na lisitoke machoni pako hadi linapopimwa.

Hatua ya 2: Chagua hoteli kwa kuitazama reli

Kosa la kwanza la wageni ni kuchagua hoteli kwa picha na bei. Fungua ramani, tafuta kituo cha treni ya juu, BTS, au ya chini ya ardhi, MRT, kisha tafuta hoteli ndani ya dakika saba za kutembea kutoka hapo. Hoteli ya bei chee iliyo mbali na kituo itakula akiba yako kwa teksi ndani ya siku mbili.

Kwa mara ya kwanza mimi humshauri mtu akae Phaya Thai au Ratchathewi, vituo viwili vinavyofuatana. Treni ya uwanja wa ndege inaishia Phaya Thai. Soko la nguo la Pratunam unalifikia kwa miguu. Na Barabara ya Phetchaburi, uchochoro wa 7, upo msikiti wa Darul Aman ambao pembezoni mwake wamejipanga mama lishe wa Kiislamu.

Nana, kwenye Barabara ya Sukhumvit, ina mtaa wa Waarabu wenye mikahawa ya halali hadi usiku mwingi, lakini pembeni yake kuna baa na biashara za usiku, kwa hiyo familia yenye watoto ipafikirie. Khaosan, ambako vijana wa Kizungu hujazana, iko mbali na reli na ina kelele. Sijawahi kumshauri mtu wetu akae huko.

Utakutana na neno *soi*. Ni uchochoro unaotoka kwenye barabara kuu, nao huitwa kwa namba: witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili. Namba hizo hazitazamani. Soi 21 ya Sukhumvit haiko mbele ya soi 20 wala 22. Watu huvuka barabara wakidhani wamefika, kumbe wamebakiza nusu kilomita.

Hatua ya 3: Uwanja wa ndege, kwa utaratibu huu

Ndege nyingi kutoka kwetu, ziwe za kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai au za moja kwa moja kutoka Nairobi, hutua Suvarnabhumi. Wenyewe hutamka "Suwannapum". Uwanja wa pili, Don Mueang, ni wa ndege za bei nafuu za ndani na nchi jirani. Ukiunganisha ndege, hakikisha zote mbili ziko uwanja mmoja.

1. Ukitoka kwenye ndege, usiende moja kwa moja kwenye foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza dawati la udhibiti wa afya. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano huonyesha kadi pale na kugongewa muhuri. Nimewaona watu wamepanga foleni ya uhamiaji dakika arobaini, wakafika dirishani wakarudishwa nyuma kwa sababu ya muhuri huo.
2. Dirishani uwe na pasipoti, fomu ya mtandaoni, hoteli na tiketi ya kurudi. Unaweza kuulizwa fedha za matumizi. Kiasi kinachotajwa kwa visa ya utalii ni baht 20,000 (baht ndiyo fedha ya huko) kwa mtu, au thamani yake kwa dola. Jibu kwa ufupi na kwa utulivu.
3. Angalia tarehe waliyogonga ya mwisho wa kukaa. Kila siku unayopitiliza ni faini ya baht 500.
4. Badilisha fedha kidogo tu hapo, ya siku moja. Viwango vizuri viko mjini, na hata uwanjani vibanda vya ghorofa ya chini kabisa, karibu na treni, hutoa zaidi ya vile vya ukumbi wa kuwasili.
5. Nunua laini ya simu. AIS na True wana vibanda na vifurushi vya watalii, nao watasajili kwa pasipoti yako.

Kisha mjini. Mchana, ukiwa na begi moja, panda treni ya uwanja: hadi Phaya Thai ni kama nusu saa na nauli ni baht 45. Treni huenda hadi karibu saa sita usiku. Ukiwa na familia au mabegi mengi, shuka ghorofa ya kwanza penye mashine za teksi. Mashine inakupa karatasi yenye namba ya maegesho. Gari lililoegeshwa hapo ndilo lako. Karatasi usimpe dereva, itunze, ndiyo ushahidi wako. Mita huanzia baht 35, inaongezwa baht 50 ya huduma ya uwanja, na ushuru wa barabara za kulipia unatoa wewe. Anayekufuata ndani ya ukumbi akinong'ona "taxi, taxi" mpite.

Hatua ya 4: Fedha

Dola moja imekuwa ikitoka kwa baht thelathini na kitu. Noti za 100 hupata kiwango kizuri kuliko za 20 au 10, na iliyochanika hukataliwa. Maduka ya kubadilishia yaliyo Pratunam na Barabara ya Ratchadamri yanashindana kwa viwango, hivyo nenda huko na pasipoti mkononi.

ATM zinakubali kadi za Visa na Mastercard za kwetu, lakini kila unapotoa, benki ya kule inakata kama baht 220, achilia mbali makato ya benki yako. Toa mara moja kiasi cha kutosha kuliko mara tano kidogo kidogo. Mashine ikikuuliza kama ikubadilishie yenyewe kwenda fedha ya nchi yako, kataa. Kiwango chake huwa kibaya. Na iarifu benki yako kabla ya kuondoka, la sivyo kadi itafungwa usiku wa kwanza.

Mama lishe, boti na masoko hutaka taslimu. Tunza noti za 20 na 100.

Hatua ya 5: Jifunze reli na boti siku ya kwanza jioni

Tumia jioni ya kufika kupanda treni bila kwenda popote pa maana. Saa moja hiyo itakuokoa siku nne.

BTS, inayopita juu, ilifunguliwa 1999 na ina njia kuu mbili zinazokutana kituo cha Siam. MRT, ya chini, ilianza 2004. Nauli zote mbili huanzia baht 17 na kupanda kwa umbali. Hizi ni kampuni tofauti: tiketi ya moja haifungui geti la nyingine. Kwenye MRT unaweza kugusisha kadi ya benki getini ukapita. Kwenye BTS nunua tiketi ya safari moja mashineni au dirishani, au kadi yao ya kujaza fedha iitwayo Rabbit, inayosajiliwa kwa pasipoti.

Kinachowachanganya wageni zaidi ni majina. Kituo ambacho treni mbili zinakutana mara nyingi kina jina tofauti kwa kila moja:

- Asok ya BTS ni Sukhumvit ya MRT.
- Sala Daeng ya BTS ni Si Lom ya MRT.
- Mo Chit ya BTS ni Chatuchak Park ya MRT.

Boti za Mto Chao Phraya unazipata kwenye gati ya Sathorn, chini kabisa ya kituo cha BTS cha Saphan Taksin. Panda yenye bendera ya rangi ya chungwa. Ni baht 16 popote uendako. Hapo gatini utaitwa kwa sauti na wauza tiketi za boti ya watalii, ambayo ni ghali mara kadhaa. Ni boti nzuri, lakini huihitaji. Boti za abiria hupungua magharibi ikiingia, kwa hiyo usipange kurudi nazo usiku.

Kuna boti nyingine za mfereji wa Saen Saep, zinazokatiza katikati ya jiji kwa kasi. Hizi ndizo mwendokasi wa Bangkok, nauli yake ni ndogo na hazijui foleni. Maji ni machafu, kaa katikati ya benchi na uvute turubai la pembeni boti nyingine inapopishana nanyi.

Barabarani, bajaji zao ni tuk-tuk: patana bei kabla ya kukaa. Bodaboda ni wale wenye vizibao vya rangi ya chungwa kwenye mdomo wa kila soi, wazuri kwa umbali mfupi. Ombeni kofia ngumu. Bolt na Grab zote zinafanya kazi, na programu ya Bolt uliyonayo Dar au Nairobi itafunguka ile ile. Wanaendesha upande wa kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, hivyo kuvuka barabara hakutakusumbua kama kunavyowasumbua watalii wa Ulaya bara.

Hatua ya 6: Siku ya mji mkongwe

Hii ifanye mapema, siku ya pili, nguvu zikiwepo. Kasri la Mfalme hufunguliwa saa 2:30 asubuhi na mwisho wa kukata tiketi ni saa 9:30 alasiri. Kiingilio ni baht 500. Fika kabla halijafunguliwa. Saa nne jua linakuwa kali na mabasi ya watalii yamemwaga watu.

1. Panda MRT hadi Sanam Chai, au boti hadi gati ya Tha Chang.
2. Vaa ipasavyo ukiwa hotelini. Magoti na mabega yafunikwe kwa nguo iliyoshonwa. Mlinzi akiona kanga au mtandio umetupiwa juu ya blauzi isiyo na mikono, mara nyingi atakukataa. Wanaume, kaptura hapana.
3. Nenda hadi lango lenyewe. Usisimame kuzungumza na mtu njiani.

Hatua hiyo ya tatu inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu wengi. Karibu na kuta za Kasri atakujia mtu mstaarabu, shati safi, pengine na kitambulisho shingoni. Atakuuliza unatoka wapi, atafurahi kusikia Tanzania au Kenya, kisha atasema: leo kuna ibada, Kasri limefungwa hadi mchana. Lakini una bahati, ipo tuk-tuk ya baht 20 itakayokuzungusha kwenye mahekalu matatu. Safari yangu ya kwanza niliipanda. Hekalu la kwanza lilikuwa la kweli, la pili dogo tu, kisha tukasimama kwenye duka la vito, halafu kwa fundi wa suti, halafu duka jingine. Dereva analipwa na maduka hayo kwa kila mgeni anayemleta. Sikununua kitu, lakini asubuhi yote iliteketea, na Kasri lilikuwa wazi muda wote.

Kwa sisi, chambo cha vito kina ladha ya pekee, kwa sababu vito vingi vya Mahenge na Tunduru huchongewa Thailand, na mtu anaweza kudhani anaijua bidhaa. Jiwe la dukani kwa dereva wa tuk-tuk halitauzika nyumbani kwa bei uliyolipa. Kasri huwa linafungwa kweli mara chache kwa shughuli za kifalme. Hayo utayaona kwenye tovuti yake asubuhi, au kwenye lango.

Ndani, Buddha wa Zumaridi ni sanamu ndogo ya jade iliyowekwa juu sana, na mfalme huibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka kufuata majira. Picha haziruhusiwi ndani ya jengo lake. Kasri lilianzishwa 1782, Bangkok ilipofanywa mji mkuu.

Ukitoka, tembea hadi hekalu la Wat Pho kumwona Buddha aliyelala, urefu wake mita 46. Nyayo zake zimenakshiwa kwa lulumizi, mapambo ambayo mtu wa pwani atasimama kuyatazama. Kula hapo Tha Tien, penye gati, kisha vuka mto kwa kivuko cha baht 5 hadi hekalu la Wat Arun. Kaa huko jua likishuka kidogo, halafu rudi upande wa pili. Usiongeze kitu kingine siku hiyo.

Adabu za hekaluni ni chache: vua viatu, usiwaelekezee nyayo sanamu, usimguse mtu kichwani. Mwanamke asimguse mtawa wala kukaa ubavuni pake kwenye boti. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa ukipigwa stesheni au bustanini, simama kama wanavyosimama wao. Na usiseme wala kuandika neno baya kuhusu familia ya kifalme, hata kwenye simu yako. Kifungo chake ni kuanzia miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa.

Hatua ya 7: Siku zinazobaki

Jumamosi au Jumapili nenda soko la Chatuchak. Shuka MRT Kamphaeng Phet, utatokea ndani kabisa ya soko. Nenda asubuhi, na ukikipenda kitu kinunue hapo hapo, kibanda hicho hutakiona tena. Pratunam na jengo la Platinum bei hushuka ukichukua vipande vitatu na kuendelea, hata kama ni rangi tofauti. Dukani penye alama ya marejesho ya kodi, ukinunua kuanzia baht 2,000 kwa siku, omba fomu na uonyeshe pasipoti. Manunuzi yakiwa makubwa, utaigongesha muhuri kwa forodha uwanjani kabla ya kukabidhi mabegi.

Siku ya katikati ya wiki, anza na nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyefufua biashara ya hariri na akapotea Malaysia mwaka 1967 bila kuonekana tena. Ng'ambo ya mfereji iko Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa kabila la Cham ambao ndio waliomfumia hariri hiyo. Watalii wengi huishia kwenye nyumba. Vuka mfereji, tembea vichochoro vyao kwa heshima. Kisha panda boti ya Saen Saep hadi mwisho, Panfa Leelard, upande ngazi 344 za Mlima wa Dhahabu, kilima chenye hekalu.

Jioni, Yaowarat, mtaa wa Wachina, kituo cha Wat Mangkon. Karibu yake, Wat Traimit, kuna sanamu ya dhahabu ya tani 5.5 iliyokuwa imefichwa ndani ya plasta kwa vizazi. Plasta ilipasuka mwaka 1955 walipokuwa wakiihamisha, ndipo wakajua walichonacho.

Ukitaka kupumzika, bustani ya Lumphini ina kenge wakubwa wanaotembea kandokando ya ziwa kana kwamba ndio wenye mji. Usiwasogelee kwa ajili ya picha.

Hatua ya 8: Kula bila wasiwasi

Sahani ya mtaani ni kama baht 50 hadi 80. Maneno manne yatakulinda: *mu* ni nguruwe, *gai* kuku, *nuea* ng'ombe, na *mai* ni "hapana" au "si". "Mai ao mu" ni "sitaki nguruwe". Lakini kwa Mwislamu hilo halitoshi, sufuria na mafuta ni yale yale. Tafuta alama ya halali au maandishi ya Kiarabu kwenye kibanda: Phetchaburi soi 7, mtaa wa Nana, na jirani na msikiti wa Haroon kule Bang Rak. Mchuzi wa *massaman*, ambao jina lake lenyewe latokana na Uislamu, ukiupata kwa mpishi Mwislamu utakukumbusha nyumbani.

Pilipili yao si mchezo. "Mai phet" ni "isiwe kali", na hata hivyo itawasha. Maji ya bomba usinywe.

Faida moja tunayo sisi peke yetu: Wathai kwa mazungumzo ya kawaida huhesabu saa za usiku kama Waswahili. *Nueng thum* ni saa moja usiku, *song thum* saa mbili, hadi *ha thum*, saa tano. Tiketi zao lakini huandika saa kwa mfumo wa saa 24, na mwaka wao umetangulia kwa 543: ukiona 2568 kwenye risiti, ndiyo 2025. Saa zao ziko nne mbele ya Afrika Mashariki.

Mambo yakienda kombo

*Dereva wa teksi anakataa mita.* Shuka, simamisha nyingine. Kama zote zinakataa, ni saa ya foleni au mvua. Fungua Bolt au Grab, au nenda kituo cha treni.

*Umepotea.* Onyesha ile karatasi ya Kithai. Ukiona duka la 7-Eleven, ingia. Ziko kila kona, na wahudumu watakusaidia kusoma anwani.

*Umetapeliwa au umeibiwa.* Polisi wa watalii ni 1155, nao huzungumza Kiingereza. Piga huko kwanza.

*Umeugua.* Gari la wagonjwa ni 1669. Hospitali binafsi za Bangkok ni nzuri, na wagonjwa wa kwetu husafirishwa kwenda kutibiwa huko, ila hutaka malipo au bima kwanza. Kata bima ya safari.

*Pasipoti imepotea.* Chukua ripoti ya polisi siku hiyo hiyo, kisha wasiliana na ubalozi wako. Nakala ya pasipoti kwenye barua pepe itakuokoa siku kadhaa.

*Mvua imekukuta na mtaa umejaa maji.* Usivue viatu ukatembea peku, huoni mashimo wala nyaya. Ingia jengo lolote la maduka usubiri. Mvua nyingi za alasiri hazizidi muda wa saa mbili.

*Umenunua sanamu ya Buddha.* Kuitoa nchini kunahitaji kibali. Kama muuzaji hana maelezo ya kibali hicho, irudishe.

*Ndege yako ni usiku na umeshatoka hotelini.* Acha begi mapokezi, nenda Lumphini au Yaowarat, lakini uwe kwenye treni ya uwanja saa nne kabla ya ndege kuondoka, na tano kama una fomu za kodi za kugongewa muhuri.